Mwaka Niliokaa na Mikono ya Watu

Msibani kwa Fundi Kibwana nilikaa kwenye mkeka wa nyuma kabisa, karibu na masufuria, mahali ambapo mtu wa ndani kama mimi hujisikia salama: unaonekana umekuja, na hakuna anayekuuliza chochote zaidi ya kama chumvi imetosha. Nilikaribia kuondoka bila kutambuliwa. Ndipo mzee mmoja aliyewahi kuwa na bucha Kingolwira akasimama mbele yangu, akanikodolea macho, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye turubai la wanaume, "Huyu si Dada Oda huyu? Wewe binti, kisu changu bado kipo kwenye moto?" Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka walipo, wakajifuta nyuso. Hata Bi Mwantumu, mjane mwenyewe, alisikika akicheka kule chumbani alikokaa eda, kicheko kilichoishia pabaya. Mimi nilimwamkia mzee shikamoo na kumwambia kimebaki mpini tu. Ukweli ni kwamba kisu chake alikichukua nikiwa bado binti kweli, na uso wake nilikuwa nimeusahau. Mkono wake nilikuwa ninaukumbuka: mpana, kidole gumba kifupi kama kimechelewa kuzaliwa.

Baada ya hitima nilizunguka upande wa karakana kutazama kile chumba. Siku hizi wanaweka makreti ya soda. Kuta zimepakwa rangi ya kijani, na hakuna hata tundu la msumari linaloonekana. Nilisimama mlangoni nikajiona mjinga, mwanamke mzima mwenye mvi za kutosha, natafuta ukutani vitu vilivyotolewa zamani. Nilikaa mwaka mmoja tu mle ndani. Lakini nikiulizwa ni lini nilijua mimi ni mtu wa namna gani, sitaji shule, sitaji ndoa. Nataja mwaka ule.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyohitaji fremu. Fundi Kibwana alikuwa anatafuta mtu wa kupokea simu, kwa sababu yeye mwenyewe aliongea na simu kama anavyoongea na mbwa wa jirani, kwa amri fupi na kwa mbali. Zilikuwa zile simu ndogo za tochi. Akanipa moja, akanionyesha chumba cha pembeni chenye kitanda cha kamba na dirisha la nyavu linalotazama fuawe la kufulia vyuma, akasema, "Kazi yako ni kuwaambia wasubiri." Nilifurahi kupita kiasi. Kazi ya kukaa ndani, kulala papo hapo, na kuongea na watu ambao hawanioni! Wenzangu walikuwa wanakimbilia Dar kutafuta maisha. Mimi maisha niliyaambia yasubiri kama wateja wengine.

Fundi hakuwa na kisu cha kuuza mezani. Kila kisu kilikuwa oda. Alichukua springi ya lori, akaikata, akaifua mpaka ikanyooka, akaizimisha kwenye oili chafu iliyonukisha nyumba nzima, akaipiga tupa, na mwisho kabisa ndiyo akafunga mpini. Na hapo kwenye mpini ndipo alipokuwa na ukorofi wake. Hakufunga mpini wa mkono asioujua. Aliyefika karakana aliweka kiganja juu ya karatasi, tukapitisha penseli pembeni ya vidole. Aliyekuwa mbali alijichora mwenyewe huko aliko na kututumia kwa gari lolote linaloshuka mjini. Mikono ilikuja kwenye karatasi za daftari, kwenye mifuko ya saruji, kwenye vipande vya boksi la sabuni. Wakulima wa karanga wa Gairo walituma mikono yenye vumbi jekundu kwenye kona. Wakata kabichi wa Mgeta walituma mikono iliyolowa. Mimi niliibandika yote ukutani kwa misumari, kila mmoja na jina lake, na ulipofika mwezi wa kuelekea Idi ya kuchinja, kuta zilikuwa zimejaa, nikahamia kubandika juu ya kitanda. Nililala chini ya viganja vya wanaume nisiowajua. Bi Mwantumu alipoingia kuleta chai ya mdalasini alisema, "Subhanallah, chumba kama cha mganga," akaiacha chai mlangoni.

Wateja nilikuwa na majibu yao matatu, na nilijivunia mpangilio wake. Kwanza, kipo kwenye moto. Baada ya hapo, kipo kwenye tupa. Mwisho, kimebaki mpini. Chuma chenyewe saa hizo huenda bado kilikuwa chini ya lori, Dumila huko, kinabeba vitunguu. Wachinjaji walikuwa na mdomo. "Dada Oda, sauti yako tamu, una mume?" Nikajibu, "Ninao wengi, wamejaa ukutani, sijachagua mkono." Wakacheka, nami nikacheka, simu ikakatwa, na chumba kikarudi vilevile. Hilo ndilo sikuwa nimelitegemea. Nilidhani mtu anayependa kukaa ndani hawezi kuwa mpweke, kama vile samaki asivyoweza kulalamikia maji. Siku za Ijumaa nyundo ilinyamaza, Fundi akaenda msikitini, Bi Mwantumu akaenda kwa dada zake, mimi nikabaki kupima mkono wangu kwenye ile michoro. Ulipotea ndani ya mikono ya wachinjaji kama kijiko cha chai kwenye sufuria la shughuli. Kupitia ukuta wa mabati uliotenganisha chumba changu na chao niliwahi kuwasikia Fundi na mkewe wakila. "Huyu binti hatoki," Bi Mwantumu alisema. "Hata sokoni. Ataota mizizi." Fundi akatafuna kwanza. "Mwache aote. Simu inapokelewa." Nililala nikiwa nimefurahi na nimeumia, na mpaka leo sijaamua lipi lilizidi.

Kati ya sauti zote, moja ilipiga kila asubuhi. Marehemu Mzee Lukali, wa kijiji kimoja juu kabisa Mgeta, alikuwa ndiye mchinjaji wa udhia wa kijiji kizima tangu ujana wake. Hakusema halo. Alisema, "Kisu changu kimefika wapi?" kana kwamba kisu ni msafiri na mimi ni stesheni. Nikamjibu kimefika kwenye tupa, naye akanieleza ukungu wa leo umeshuka mpaka wapi, mbuzi yupi amekula karoti za jirani, lori gani limekwama kwenye tope. Mimi nikawa nasema ndiyo baba, kweli baba. Hakuwahi kuniuliza jambo langu hata moja, na sikumlaumu. Nani humuuliza stesheni habari zake? Lakini siku alizochelewa kupiga nilijikuta natikisa simu kuona kama betri imekaa sawa.

Asubuhi moja, baada ya siku chache za kutopiga, sauti ilikuja nzito, kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. "Binti, upo peke yako hapo?"

Nikataka kucheka. Swali hilo kuniuliza mimi! "Nipo peke yangu, baba."

"Mkono umelala." Nikasikia anavuta pumzi. Alikuwa ameamka siku chache nyuma mdomo umekwenda pembeni na mkono wa kulia umekuwa kama wa mtu mwingine. Alipelekwa hospitali, amepewa dawa na mazoezi ya kubinya. Mdomo ulikuwa unarudi. Mkono ulishika kitu, ila vidole havikufunguka vyote. "Sasa nisikilize vizuri. Idi hii nachinja mimi. Mpwa wangu Hamza anautaka mshipi wangu wa uchinjaji siku nyingi, na si kijana mbaya, ila ana haraka. Nikikaa Idi hii moja, sirudi tena. Wataniletea kiti, binti. Wataniweka kivulini na kiti, na kila Idi watakuja kunisalimia pale kama jiwe la mpaka."

Nilimwambia basi achore mkono upya, Fundi ataubadilisha mpini. Akasema ameshachora. "Limetokea kobe."

Hapo ndipo akili yangu ya kidato cha nne ikawaka. Nilimwambia asonge ugali mgumu, wa kusimama wenyewe, ashike bonge moja kama anavyoshika kisu, aliache likauke, kisha alitume. Tutapata alama za vidole vyake pale pale vinapokaa. Akasema, "Wewe umesoma." Nilijiona mhandisi. Siku nzima nilitembea chumbani, hatua zote zilizokuwa zinapatikana mle, nikiwaza jinsi nilivyo na akili.

Ugali ukashuka na lori la kabichi, umefungwa kwenye jani la mgomba, mkavu kama tofali, na mitaro ya vidole imekaa sawasawa. Nilimweleza Fundi ukweli wote, maana hakuna namna nyingine ya kumkabidhi fundi kiporo cha mtu. Aliugeuza mara kadhaa. "Baba huyu," alisema, "ameshika kwa nguvu." Kisha akachukua mninga mzuri kuliko wote aliokuwa nao, akakaa nao muda mrefu bila kumjibu mtu, akachonga mtaro kwa mtaro akipima kwenye ugali, akaongeza na kamba ya ngozi ya kuzungushia kiganja ili kisu kisianguke. Kilikuwa kitu kizuri. Bi Mwantumu alipita akauliza, "Siku hizi mnapokea na ugali?" akaenda zake. Na kati yetu sisi watatu, tuliokula ugali kila siku ya Mungu, tuliobandua makoko kwenye sufuria maisha yao yote, hakuna aliyekumbuka kwamba ugali ukikauka husinyaa.

Idi ilikuwa imekaribia, na kisu hakikuweza kutumwa kwa lori, maana aliyepokea mizigo kule kijijini alikuwa Hamza mwenyewe, na Mzee hakutaka akione mapema. Nikamsikia Bi Mwantumu kupitia bati, "Mtume Dada Oda." "Yule? Si atayeyuka juani?" Fundi akauliza. Nilijifanya sijasikia mpaka Fundi alipokuja mlangoni kuniambia, na hapo nilitaja sababu nyingi, zikiwemo za kiafya.  Alikizungushia kisu kitambaa, akakiweka juu ya kitanda changu, akarudi kwenye moto.

Nilipanda na lori lililorudi na matenga matupu. Milima ile nilikuwa nimeiona dirishani kila siku ya maisha yangu, nikaichukulia kama pazia. Sikujua kwamba ina ndani. Barabara ilikata pembeni mwa korongo, nikafumba macho, dereva akaniambia nikifumba mimi yeye anasikia kizunguzungu. Mwisho wa barabara ikaanza njia ya miguu, iliyosimama kama ngazi iliyosahau vidato, na mwanamke aliyebeba kikapu cha njegere kichwani alinipita akipanda, akanipita tena akishuka, akanipa pole mara zote mbili. Nilipofika kwa Mzee Lukali nilikuwa na tope mpaka kwenye hijabu. Alikuwa mdogo wa umbo. Kwa sauti ile nilikuwa nimempa mwili mkubwa zaidi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndiyo wewe?" Akanitazama. "Kwenye simu wewe ni mrefu."

Tukaingia ndani, tukafunga mlango. Nikafungua kitambaa. Akapeleka mkono, vidole vikatafuta mitaro yao, na nikaona kabla hajasema. Kila kidole kilikuwa kinapanda mgongoni mwa mwenzake. Mpini ulikuwa wa mtu kama yeye, mwenye mkono kama wake, ila mtoto. Hakulalamika. Alikirudisha kisu juu ya kitambaa polepole, kama mtu anayelaza kitu kilichosinzia, akakaa kitandani. Mimi nikataka kurudi mjini saa ileile, kwa kubingirika ikibidi. Badala yake nikatazama huku na huku kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumtazama yeye, nikaona baiskeli ya zamani imeegemea ukutani, gurudumu halina upepo. Nikamwomba ruhusa. Tulikata tyubu yake vipande virefu, nikauvika ule mpini mzunguko juu ya mzunguko, nikiacha mitaro, yeye akishika, akitikisa kichwa, akishika tena. Ikafika mahali akashika na hakutikisa. Tukatoka uani kwenye migomba. Akasimama mbele ya mgomba uliokwishazaa, akasema bismillahi, akapitisha kisu. Mgomba ukakaa kidogo kama hauna habari, kisha ukaangusha kichwa. Alicheka! Alikata mwingine, na mwingine tena, mpaka dada yake aliyekaa nyumba ya jirani akapaza sauti kuuliza nani anatumalizia migomba.

Usiku tulikula kwa huyo dada, magimbi kwa mchuzi wa njegere, na kwa baridi ile nilikula kama nimetumwa na watu wengi. Hamza alikuwepo, kijana mpole mwenye mabega, anamkatia mjomba wake magimbi vipande vidogo bila kuombwa. Hilo ndilo liliharibu kila kitu, ule upole. "Mjomba mwaka huu apumzike," alisema. "Tumeshamtengea kiti, pale penye kivuli."

"Hamza," mama yake alisema.

"Kiti kikalie wewe," Mzee Lukali alisema, akala kipande kikubwa kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, watu walikusanyika kwenye kiwanja kando ya msikiti, kanzu nyeupe kwenye ukungu mweupe, ukaona nyuso tu zinatembea. Nilisimama na wanawake kwa mbali. Kiti kilikuwepo kweli, cha plastiki, chekundu. Vijana wakamlaza mbuzi wa kwanza, wakamwelekeza kibla. Mzee Lukali akaja na kisu ndani ya kitambaa, akainama, akakitoa chini chini ili mnyama asikione. Mkono ulikuwa umeshika vizuri. Naapa: niliutazama kuliko nilivyowahi kutazama kitu, na haukutetemeka. Mbuzi akalia mara moja, sauti ya kawaida tu, kama anaita mwenzake. Mzee akabaki ameinama. Akakaa hivyo hata wale vijana wakaanza kutazamana. Kisha akajifungua ile kamba ya ngozi kwa mkono wa kushoto, taratibu, akakilaza kisu juu ya jani la mgomba, maana kule kisu hakitoki mkono kwa mkono, akasimama.

"Hamza," alisema. "Polepole."

"Mjomba..."

"Nimesema polepole. Usimwonyeshe makali."

Hakwenda kwenye kiti. Alipita pembeni yake, akapita katikati yetu wanawake, akaenda nyumbani, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda. Tulikaa ndani, tukisikia takbira na watoto wakipiga kelele. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Ungekuwa mgomba, ningekata. Nimefika pale nikaona, mkono ukikosea, anayeumia si mimi." Nikamwambia mkono haukutetemeka, nimeuona. "Ndiyo," alisema. "Ulikuwa umeshika vizuri." Walituletea maini ya kukaanga yamefunikwa na sahani. Nilikula mimi. Siku iliyofuata nilipoaga alinijibu akiwa uani, akiokota vipande vya migomba, na sikusikia alichosema.

Siku hizi mjukuu wa Fundi anapokea oda kwa picha. Mteja anatuma picha ya kisu anachokitaka, anakipata, hakuna mkono unaochorwa. Sina ugomvi na hilo. Ila najua kitu ambacho nisingekijua kwa njia hiyo: kwamba oda ikishakamilika, ndiyo kwanza unagundua ni kiasi gani cha siku yako kilikuwa ndani yake. Baada ya Idi simu ilinyamaza kabisa. Nani anaagiza kisu baada ya Idi? Fundi alinituma niondoe mikono iliyokwishapata visu vyake ili nyavu za dirisha zipate hewa, nikaiondoa mmoja mmoja, na ukuta ukawa ukuta. Asubuhi niliamka mapema, nikiikalia simu kama kuku. Haikuita. Nilijiambia mzee anapumzika. Nilijiambia mengi, na sauti niliyojiambia nayo ilikuwa ileile ya kuwaambia wateja kipo kwenye moto.

Ndipo Ijumaa moja, nyundo kimya, nyumba tupu, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nikabidhiwe ile simu. Nikampigia mtu.

"Dada Oda?" Alishtuka. "Kuna nini? Kisu anacho Hamza."

"Najua, baba."

"Sijaagiza kingine."

"Najua."

 Nilisikia upepo, na mtu anapasua kuni mbali. "Nilidhani simu hiyo kazi yake ni visu," alisema.

"Leo haina kazi."

Nikaanza kutafuta maneno ya kuagia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya, "Wewe hapo unakaa na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Mchana umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Nilitazama jiko langu la mkaa, baridi tangu jana yake. "Wali na njegere," nikasema.

"Njegere za huku?"

"Za huko huko."

"Haya. Zinataka moto mdogo." Na hapo akaanza kunieleza habari za ukungu.

Alipokata, nilijifunga kanga, nikatoka nje kwenye jua, nikaenda sokoni mwenyewe kununua njegere, nisije nikawa nimemdanganya mzee siku ya kwanza aliyoniuliza habari yangu.